Jumamosi za muvi za zamani pale bustanini Sakina: nimeenda mara nne, soma kwanza kabla hujapeleka watoto

Tangu niweke zile picha stetasi watu wameniuliza sana ni wapi pale na kama watoto wanaruhusiwa, sasa naandika yote hapa mara moja. Ni bustani ya chakula huku Sakina, Arusha, ukishuka kwenye kifodi (daladala) barabara ya Namanga unatembea kama dakika tano. Kila Jumamosi wanatundika shuka jeupe ukutani, giza likiingia saa moja wanawasha projekta wanaonyesha muvi za familia za zamani, zile za bibi na babu zetu. Mkubwa elfu tano, mtoto elfu mbili na soda juu. Jina la bustani siliweki kwa sababu kuna vitu vilinikera na nitavisema, alafu wenyewe walivishughulikia, ila ukimuuliza bodaboda yeyote wa Sakina "pale wanapoonyesha muvi ukutani" anakupeleka.

Chakula kwanza nikimalize. Mtori ni mzuri kweli, ndizi imepondwa ikalainika na nyama ya mfupa ipo ya kutosha, mishkaki ya kawaida, chipsi zinachelewa sana wakijaa watu kwa hiyo agiza mapema. Sauti nzuri, wana sabufa kubwa ila hawaipigi kelele. Umeme ulikatika mara moja, jenereta ikawaka ndani ya dakika tatu. Jioni pana baridi lile la kwetu kuanzia mwezi wa sita, beba shuka la kimasai kwa kila mtoto, sweta peke yake halitoshi.

Sasa muvi zenyewe, ndo sababu naandika.

Mimi nimekulia kwenye vibanda vya video, tumekua tunasikia sauti ya Lufufu akitutafsiria, kwa hiyo nilipoona pale kuna kijana anashika maiki anatafsiri laivu nilifurahi mno. Watoto wangu ni wawili, wa kike ana miaka tisa na wa kiume sita, Kiingereza cha kuongea haraka haraka bado hawakipati vizuri, mtafsiri anawasaidia. Na hizo katuni za zamani mimi nazipenda, nasema wazi kabisa. Nyimbo zake zimepigwa na okestra nzima, michoro ya mkono, kitu kimekaa miaka themanini na bado mtoto wa leo anatulia. Ila ndani yake kuna mambo ya kudharau watu, kudharau sisi hasa, na mtoto anayala yote kwa pamoja kama hakuna mtu wa kumtolea mwiba.

Mara ya kwanza ilikuwa Dumbo, ile ya 1941, tembo mtoto mwenye masikio makubwa. Fupi, dakika 64 tu. Kabla haijaanza dada mwenye bustani alisimama mbele ya shuka akashika maiki akawaambia watoto, "Wanangu, hii katuni ni nzuri ila ni ya zamani, imetengenezwa Marekani wakati watu weusi kule wanabaguliwa kwa sheria kabisa, kwa hiyo kuna sehemu wamechora watu kama sisi vibaya. Ukiona kitu hukielewi, muulize mama au baba hapo hapo, hakuna atakayekuambia nyamaza." Basi, hata dakika mbili hazikufika.

Kuna sehemu usiku mvua inanyesha, vibarua weusi wanasimamisha hema la sarakasi pamoja na tembo, wanapiga vigingi nyundo juu ya nyundo, na wanaimba kwamba hawajui kusoma wala kuandika, na hela wakilipwa wanaitapanya. Wimbo una mdundo mzuri, unakuingia mwilini kabla hujasikia wanasema nini. Binti yangu akaniegemea akaniuliza, "Mama, mbona hawa watu hawana sura?" Nikaangalia tena, kweli, hawana macho hawana mdomo, uso mzima ni kivuli kitupu. Mimi nimeiona hiyo katuni tangu utoto na sikuwahi kuona hilo. Nikamwambia aliyewachora hakuona kama kuna haja ya kuwapa. Akanyamaza kidogo akasema, "Lakini tembo amewapa sura."

Hiyo sentensi imenikaa mpaka leo. Mtoto wa miaka tisa, kwa sababu tu kuna mtu alimwambia ukiona kitu uliza.

Alafu wanakuja kunguru, wanaongea na kuimba kwa lafudhi ya watu weusi wa Marekani, wamevaa vikofia na visharti, hawana kazi wamekaa tu juu ya mti. Yule mkubwa wao watengenezaji walimpa jina Jim Crow, na hilo ndo jina la zile sheria za kutenganisha weusi na weupe kule kusini mwa Marekani, shule zao mabasi yao mpaka mabomba ya maji ya kunywa, zilizodumu mpaka miaka ya 1960. Aliyemuigizia sauti ni mzungu, Cliff Edwards, wengine wa kundi walikuwa waimbaji weusi kweli. Na bado, ukifuatilia muvi yenyewe, ukiacha mama yake na yule panya rafiki yake, hao kunguru ndo wanaomhurumia Dumbo wakampa unyoya wakamfundisha kujiamini mpaka akaruka. Mzee mmoja meza ya jirani alisema yeye angewakata hao kunguru wote, mke wake akamjibu ukiwakata nani atamrusha mtoto? Walibishana hivyo mpaka bili ikaja, na mimi niko upande wa yule mke. Na ile sehemu mama yake Dumbo amefungwa kwenye behewa la nondo anatoa mkonga tu nje ambembeleze mwanae, jamani, nililia mbele za watu. Kitu kama hicho siwezi kumnyima mwanangu.

Wenzetu wa Disney+, huduma ya mtandaoni ya Disney waliotengeneza Dumbo, mwaka 2020 waliweka maandishi marefu ya onyo mwanzoni mwa hizi muvi, kwamba haya mambo yalikuwa mabaya wakati ule na ni mabaya sasa, na 2021 wakaziondoa kwenye akaunti za watoto, Dumbo na Peter Pan zikiwemo. Maandishi ni sawa. Ila mtoto wa miaka sita hasomi onyo, na ukimwondolea kabisa siku atakayoikuta mwenyewe, na ataikuta, atakuwa peke yake. Mimi naona yule dada na maiki yake amefanya zaidi ya yale maandishi.

Kabla ya kila muvi wanaweka Tom na Jerry moja au mbili za kuwachangamsha watoto. Unamkumbuka yule mama anayeonekana miguu tu na soksi zimeshuka na ndala, anamfukuza Tom na ufagio? Nyumbani kwetu sisi tulijua ni mama mwenye nyumba, tena tulimheshimu. Kumbe Wamarekani weusi walimlalamikia kwa miaka mingi maana alichorwa kwa ule mfano wao wa mtumishi mweusi mnene mkali, sauti yake ilikuwa ya Lillian Randolph, na miaka ya 1960 zilipokuwa zinapelekwa kwenye televisheni wakamwekea sauti ya mwanamke mwingine, zingine wakamchora upya kabisa akawa mzungu. Kwa hiyo inategemea umeangalia kopi gani, wewe na mdogo wako mnaweza kuwa mnakumbuka watu wawili tofauti.

Mara ya pili ndo nilichukia.

Walionyesha Lady and the Tramp ya 1955, ile ya mbwa wawili wanaokula tambi. Dada hakuwepo, alikuwa na msiba Moshi, kijana wa kutafsiri alikuwa peke yake na hakusema neno lolote mwanzoni, aliwasha tu. Mle ndani kuna paka wawili wa Kisiamu, wabaya, wezi, macho yamechorwa kama nyuzi na meno nje, wanaimba wimbo wao kwa Kiingereza cha kuvunjavunja. Wimbo aliutunga Peggy Lee na mwenzake Sonny Burke na sauti za paka ni yeye mwenyewe. Tuseme ukweli unanasa, dakika moja na nusu tu na wiki nzima unao kichwani. Waliporudia hiyo muvi 2019 waliutoa huo wimbo wakaweka mwingine. Sasa kijana badala ya kuutafsiri tu akaongeza ya kwake, akawafanya wale paka wanaongea Kiswahili cha Mchina wa barabara, "wewe bile hapa, mimi taka kula samaki," ukumbi mzima ukavunjika mbavu, watoto ndo usiseme. Na mimi mwanzoni nilicheka, nakiri.

Siku ya nne baada ya hapo tuko dukani mjini, kuna dada wa Kichina yuko mbele yetu kwenye foleni ananunua maji na betri, mwanangu wa kiume akavuta macho kwa vidole akaanza kuimba kile kiwimbo kwa maneno ya yule kijana. Yule dada aligeuka. Hakukasirika, hakusema kitu, alimwangalia mtoto kisha akaniangalia mimi, akachukua chenji akaondoka. Nilimwita "samahani dada," sijui kama alisikia. Mwanangu akaniuliza amekosea nini maana pale bustanini watu wote walicheka. Sikuwa na jibu la kumpa pale pale, nikamjibu tukiwa nyumbani, tena tulikaa naye karibu saa nzima.

Nilisema sirudi, ila binti akasema Jumamosi ijayo ni ya yule dubu, tukarudi.

The Jungle Book, 1967. Hapa dada alikuwepo akaongea vizuri kama mara ya kwanza, akaeleza kwamba kuna mfalme wa sokwe anaimba jazi anataka awe binadamu, na kwamba watu weusi wa Marekani wengi hiyo sehemu imewaumiza maana jazi ni muziki wao na nyani ndo tusi walilotukanwa. Aliyeimba ni Louis Prima, mwenye asili ya Italia. Hilo hatuhitaji kuelezwa sana, sisi wote tumeona wachezaji weusi wanavyotupiwa ndizi na kupigiwa kelele za nyani viwanjani Ulaya. Kwenye kitabu cha Kipling cha 1894 hata huyo mfalme hayupo, ameongezwa na wenye muvi. Ila wimbo, dah, tarumbeta zile, kila mtoto pale alikuwa amesimama anacheza na mimi nilicheza.

Sasa kijana akashika maiki, kwa wale nyani wote akaweka lafudhi ya kimasai. "Yero, leta moto, yero!" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na geti. Mlinzi wa pale ni kijana wa kimasai, shuka jekundu, rungu, anafungua geti na kuonyesha magari pa kupaki, na wakati wa muvi huwa anasogea anasimama nyuma ya viti anaangalia na yeye. Nilimwona. Alikuwa anatabasamu tangu mwanzo, dubu alivyokuwa anajikuna mgongo kwenye mti alicheka kwa sauti. Ilipofika kile cha yero tabasamu liliondoka, si kwa haraka, liliisha tu, akaangalia chini, akarudi getini akakaa kwenye stuli yake mgongo ametupa sisi mpaka muvi imeisha.

Nilimfuata dada jikoni na sahani yangu mkononi. Nikamwambia dada yangu, wewe unasimama mbele unawaambia watoto wetu wazungu walituchora vibaya, alafu dakika kumi mbele kijana wako anamfanyia mlinzi wako kitu kile kile, tena yule wa kwenye katuni amechorwa Marekani wengi wetu hatujazaliwa, huyu yuko hapa getini anasikia. Nikamweleza na ya yule dada wa Kichina. Aliweka mwiko chini. Akasema mama nanii, hilo sikuliona, nilikuwa nahangaika na chipsi. Akasema basi ataacha hizo muvi aweke hizi mpya tu. Nikamwambia hapana, hizo mpya watoto wanaziona kila siku kwenye simu, endelea nazo, ila maiki ndo ichungwe.

Na hapa niseme kitu kuhusu sisi. Komedi zetu ngapi mlinzi ni mmasai mshamba, Mchaga ni wa kupenda hela, Mhindi anaongea "veve nakuja"? Tumezoea mpaka hatusikii. Mimi ni mchaga, nimechekwa kwa lafudhi yangu chuoni miaka mitatu na nilijifunza kucheka nao ili mambo yaishe, kwa hiyo lile tabasamu la mlinzi linavyoisha nalijua kwa ndani.

Watu wananiuliza pia kama pale wanaonyesha Song of the South ya 1946, ile yenye sungura na dubu na yule mzee mweusi anayesimulia. Hawana, na wenyewe Disney hawajawahi kuitoa kwa video Marekani wala kuiweka kwenye Disney+. Hii inaniuma kwa namna yake. Wimbo wake wa furaha ulipata Oscar, na James Baskett aliyeuimba alipewa Oscar ya heshima 1948, lakini ilipozinduliwa Atlanta hakuweza kuhudhuria muvi yake mwenyewe kwa sababu ya ubaguzi wa mji ule. Kinachoniuma zaidi ni sungura. Zile hadithi ziliandikwa na mzungu Joel Chandler Harris mwaka 1880 lakini alizisikia kwa watumwa, na watumwa wale hadithi za sungura mjanja mababu zao walitoka nazo huku Afrika. Ni Sungura na Fisi wa bibi yangu Machame! Mjanja anayewashinda wakubwa kwa akili. Wamemchukua wakamweka mdomoni mwa mzee anayefurahia maisha ya shambani kwa mabwana kama vile hakuna lililotokea. Nilimwambia dada siku moja zima projekta, weka kiti, mtafute bibi mmoja atusimulie wa kwetu. Amesema atafanya mwezi wa kumi na mbili shule zikifungwa.

Mara ya nne ilikuwa Hatari! ya 1962, na hapa Arusha nzima ilikuja, viti viliisha watu wakakaa kwenye majani. Kama hujui, hiyo muvi John Wayne na wenzake walikuja kuipiga huku huku kabla hatujapata Uhuru, Momella kule, mambo ya kukamata wanyama kwa magari wawapeleke zoo za Ulaya na Marekani, na yule Mjerumani Hardy Krüger alipapenda akanunua shamba kabisa, leo ni loji inaitwa kwa jina la muvi. Mwisho wake tembo wadogo wanakimbia mitaani mjini Arusha. Wazee walikuwa wanaonyeshana kwa vidole, "pale ni pale!" na Meru ukitokea nyuma watu wanapiga makofi. Ule muziki wa tembo mtoto wa Henry Mancini watoto walikuwa wanaufuata wanatembea kwa mstari katikati ya viti.

Ni ndefu, zaidi ya saa mbili na nusu, wa kwangu wa kiume alilala. Na ni nchi yetu, jina ni neno letu, lakini wenyeji wako nyuma ya lori, wanashika kamba, wanaitikia. Wazungu wanapendana na kutaniana mbele, sisi ni kama miti. Kuna mmoja wanamwita "Indian", yaani mwenyeji asilia wa Marekani, na ameigizwa na mzungu Bruce Cabot. Kijana alitafsiri "Mhindi mwekundu" kama tulivyofundishwa, binti yangu akauliza ni Mhindi wa dukani? Dada akamwambia kijana sema mwenyeji wa Marekani, akasema hivyo mpaka mwisho. Kijana, nimpe haki yake, alikuwa amebadilika, anatafsiri kinachosemwa na akiongeza utani ni wa matukio, sio wa watu.

Alafu kuna sehemu yule mwanamke mpiga picha anapokelewa na Waarusha kuwa mama wa tembo, anavalishwa shanga na amepakwa mwili mweusi. Dada alisimamisha muvi, akamwita mlinzi. Kumbe walishapatana kabla. Alikuja na shuka lake akashika maiki kwa mikono miwili, kwanza akasalimia wazee shikamoo, akasema yeye ni Mwarusha wa Oldonyosambu. Akaeleza shanga, ipi huvaliwa na nani, akaeleza ile rangi nyekundu ya udongo na mafuta inapakwa lini. Kisha akaangalia lile shuka, picha imesimama pale pale ya yule mama wa watu na rangi yake, akasema, "Mgeni wetu hatumpaki masizi. Tunampa maziwa, tunampa jina. Ngozi aliyokuja nayo inatosha." Mzee mmoja nyuma akaitikia kwa Kimasai, sikuelewa, ila wengi wa kule nyuma walicheka kwa furaha, na mlinzi akacheka akarudisha maiki.

Muvi ikaendelea. Safari hii hakurudi getini, dada alimwekea kiti na kijana wa kutafsiri akatoka yeye kwenda kufungulia magari yaliyokuwa yanatoka mapema.

Kwa hiyo pelekeni watoto, kaeni nao, msiwaache wakae mbele peke yao nyinyi mko kwenye bia nyuma, na kama siku hiyo dada hayupo ongeeni nyinyi wenyewe kabla muvi haijaanza. Fikeni saa kumi na mbili mpate viti vya katikati, vya pembeni nguzo inakata picha. Lipeni kwa simu mapema maana chenji hawana. Mimi nimeshalipia siti nne za Jumamosi ijayo, tatu zetu na moja ya mama yake mlinzi, kasema hajawahi kuiona Momella kwenye picha na wameahidi kuirudia.